Sufuria Mbili Kisiwani St. Helena

Nilikwenda South Carolina mwishoni mwa Desemba kwa ajili ya jani. Walimwengu husafiri kwa biashara, kwa elimu, kwa ibada au kwa kuwazuru jamaa, na safari zao zina udhuru wa kueleweka. Udhuru wangu mimi ulikuwa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimesikia ya kuwa watu weusi wa kusini mwa Marekani hulipika kwa saa mbili, tatu na hata zaidi jani lile lile ambalo Kenya na Tanzania tunaliita sukuma wiki, na kwa kuwa nimelelewa Tanga katika nyumba ambamo sukuma wiki hukatwa nyembamba, ikakaangwa upesi kwa kitunguu na nyanya, ikaepuliwa kabla haijapoteza rangi yake, nilitamani kujua ni hoja gani iliyowafanya watu wenye akili timamu kuitia mboga katika adhabu ndefu kiasi hicho.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilinitia haya kidogo kulitaja nilipokuwa najibu barua ya mwaliko. Jani hilo, kwa desturi ya huko, hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, na mimi ni Mwislamu, mwana wa Waislamu, niliyezaliwa katika mtaa ambao mnyama huyo hata jina lake halitajwi penye chakula bila ya msemaji kuomba radhi. Wenzetu wa bara wamempa majina ya mzaha, kitimoto likiwa ndilo maarufu, na humla kwa furaha isiyo na kificho. Mimi sina ugomvi nao. Lakini mtu aendaye kutazama sufuria ambayo hawezi kuionja yafaa aseme hivyo mapema, ili msomaji ajue ni wapi ushahidi wake ni wa ulimi na ni wapi ni wa pua tu.

Kutoka Savannah, katika jimbo la Georgia, barabara huvuka mto wenye jina hilo hilo, huingia South Carolina, na baada ya mwendo usiochosha humfikisha msafiri Beaufort, mji mkongwe wa nyumba za mbao zenye baraza pana, alikozaliwa katika utumwa, mwaka 1839, Robert Smalls, yule mwanamaji ambaye Mei 1862 aliitwaa meli ya mabwana zake katika bandari ya Charleston, akaipitisha usiku mbele ya mizinga yao hali aila yake imo ndani, akaikabidhi kwa jeshi la Muungano, lile la kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akawa mbunge wa nchi ile ile iliyomhesabu kuwa mali. Beaufort ikiachwa nyuma kuna daraja, kisha Lady's Island, kisha St. Helena. Kila upande ni bwawa la chumvi lenye nyasi zilizogeuka hudhurungi kwa baridi, zikipasuliwa na hori zijaazo na kupwa mara mbili kwa siku, na mtu aliyekulia pwani hahitaji kuambiwa maji yako wapi, kwani harufu ya tope na chaza humweleza. Hadi miaka ya 1920 kisiwa hakikuwa na daraja la kukiunganisha na Beaufort, na wenyeji wake, Wagullah, ambao wazee wao waliletwa kutoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola kulima pamba, nili na mpunga, waliishi pamoja kiasi cha kuhifadhi lugha, hadithi, usukaji wa vikapu na mapishi ambayo kwingineko yalikuwa yamekwisha kutawanyika.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mzazi wa rafiki niliyesoma naye zamani, mwanamke aliyepita miaka sabini, ambaye katika maelezo haya nitamwita Bibi kama walivyomwita wote waliokuwa nyumbani mwake. Hukaa juu ya ardhi iliyonunuliwa na wazee wake baada ya utumwa kuondoka, na mbele ya nyumba, mahali ambapo wengine huotesha maua, yeye ameotesha mboga. Majani yalikuwa mapana kupita kiganja cha mtu mzima, mazito, ya kijani chenye buluu, na juu yake yamepakwa na maumbile nta nyepesi iyatelezeshayo matone ya mvua. Bibi hachumi kwa ajili ya Mwaka Mpya mpaka jalidi iwe imekwisha kuyapiga, na katika hilo elimu iko upande wake, kwa kuwa mmea ukishikwa na baridi kali hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili umajimaji ulio ndani ya majani usigande kwa urahisi, na sukari hiyo hudhihirika mdomoni. Jimbo la South Carolina liliitangaza mboga hii mwaka 2011 kuwa mboga yake rasmi ya majani. Bibi alipoulizwa juu ya heshima hiyo alisema kwamba mboga haikungoja serikali.

Watu wengi hudhani kwamba jani lenyewe lilitoka Afrika, na sivyo. Ni la jamii moja na kabichi, asili yake ni nchi za Ulaya na kandokando ya Bahari ya Kati, na lilivuka Atlantiki pamoja na walowezi wa Kizungu. Lililotoka Afrika ni mikono na maarifa: desturi ya kuchemsha majani kwa muda mrefu na kitu kidogo chenye moshi au chumvi, aghalabu samaki mkavu, na kuuhesabu mchuzi wake kuwa ni chakula wala si maji ya kumwagwa. Mikono hiyo ilikuta posho duni. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa katika jimbo la Maryland, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1845 kwamba huko alikokaa watu wazima walipewa kwa mwezi ratili nane za nyama ya nguruwe, au samaki wa kadiri hiyo, na kipimo cha unga wa mahindi kinachokaribia lita 35, basi. Zaidi ya hapo kila mtu alijitafutia, na penye bwana aliyeruhusu, mtumwa alilima kitalu nyuma ya kibanda chake baada ya jua kutua, na katika kitalu hicho jani hili lilikuwa na fadhila kuu mbili: hustahimili baridi inayoua mboga nyingine, na likichumwa chini huendelea kuota juu. Nyama haikutosha kuwa chakula. Ilitosha kuwa kiungo, na nadhani mapishi haya hayaeleweki mpaka mtu akubali kwamba ndani ya sufuria ile nyama ndiyo imtumikiayo jani.

Mchana wa tarehe 31 Desemba nilipewa karai, kwa hoja kwamba mgeni aliyevuka bahari hakuvuka ili akae kitini. Kuosha ndiyo nusu ya kazi. Maji ya kwanza hutiwa chumvi kidogo ili wadudu waachie, ya pili huondoa vumbi, ya tatu huondoa yale ambayo mwoshaji alidhani yamekwisha kuondoka, na haikubaliki kusema tayari mpaka vidole vikipapasa chini ya karai visikute hata chembe ya mchanga, kwani, kama alivyosema Bibi bila ya kuinua macho, mchanga hauivi. Baadaye kila jani huondolewa uti wake mnene, majani hupangwa moja juu ya moja, hukunjwa yakawa msokoto, na hukatwa mapana ya vidole viwili. Jani litakalokaa motoni saa nyingi likikatwa nyembamba hutoweka.

Huku mimi naosha, nyama ilikuwa imekwisha kutangulia jikoni. Sehemu ipendwayo ni kongoro, kile kifundo cha mguu kilicho juu ya kwato, chenye ngozi nyingi, mishipa mingi, mfupa mkubwa na nyama haba. Huzikwa katika chumvi, kisha huning'inizwa katika moshi wa mti uitwao hikori mpaka rangi yake iwe ya mbao kuukuu. Zamani kila nyumba ilichinja wakati wa baridi, kwa kuwa hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa hifadhi, na majirani walikusanyika kusaidiana. Siku hizi kongoro hununuliwa dukani limefungwa. Bibi alilitia katika maji baridi pamoja na kitunguu, vitunguu saumu na pilipili kavu, akaliacha lichemke polepole kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya jani lolote kuingia, na sababu yake ni ya haki: mishipa na ngozi hazilainiki kwa moto wa haraka, bali kwa moto mdogo wa muda mrefu hugeuka ute uipao supu uzito, na wakati huo huo chumvi na moshi huliacha kongoro na kuhamia majini. Kwa hiyo chumvi haitiwi mpaka mwisho, baada ya kuonja, na aghalabu haitiwi kabisa.

Harufu yake nilinusa, na sitaikana. Ilikuwa harufu ya kuni na chumvi zaidi kuliko ya mnyama.

Sasa niieleze sufuria ya pili, ambayo nilikuwa nimeogopa kuiomba na ambayo ilikuwapo katika nyumba ile kabla yangu. Bibi ana kaka yake aliyekwenda Detroit alipokuwa kijana, mmoja wa wale mamilioni ya watu weusi waliohama kusini kati ya vita vya kwanza vya dunia na mwaka 1970 kwenda kutafuta kazi za viwanda, wakichukua mbegu za mboga katika mizigo yao. Na huko Detroit, mji ambao Taifa la Uislamu lilianzia mwaka 1930, alijiunga na watu wa Elijah Muhammad, kiongozi wa taifa hilo. Aliporudi kusini kuwazuru wazazi wake, katika miaka ya sitini, alikataa nguruwe, na hilo mama yao angeweza kulivumilia, lakini akakataa na jani pia. Elijah Muhammad, ambaye mwenyewe alizaliwa Georgia mwaka 1897 na kwa hakika alilelewa juu ya vyakula hivyo, aliiweka mboga hii katika hesabu ya vyakula ambavyo wafuasi wake wajiepushe navyo, akiviona kuwa ni mabaki ya utumwa. Kuhusu mnyama yule sina la kumpinga. Kuhusu jani naona alilihukumu kwa makosa ya jirani yake wa chunguni. Mama yao, alivyosimulia Bibi, hakusema neno; aliondoa sahani ya mwanawe na kuirudisha ikiwa na mkate mtupu.

Elijah Muhammad akafariki Februari 1975, mwanawe Warith Deen Mohammed akaiongoza jumuiya ile kuelekea Uislamu wa Sunni, na miongoni mwa mambo makubwa ya imani yaliyobadilika, jambo dogo la mboga nalo likabadilika: kaka yake Bibi akaandika kwamba mwaka huo atakula majani, ila nguruwe kamwe. Mama yao akanunua sufuria mpya, akaweka ndani yake bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi wa hikori ule ule, na tangu hapo sufuria hiyo haijaguswa na kitu kingine. Huoshwa peke yake na hutundikwa msumari wake peke yake. Nilipouliza juu ya uchinjaji, kaka huyo, ambaye sasa ni mzee aliyestaafu na amerudi kisiwani, alinijibu kwamba yeye hufuata kauli ya wale wanaohalalisha chakula cha Ahlul Kitab, yaani Wayahudi na Wakristo, nami, niliye na njaa na niliye mgeni, nikaiona kauli hiyo ina nguvu.

Majani yaliingia katika sufuria zote mbili kwa wakati mmoja, konzi baada ya konzi. Mtu asiyezoea hudhani hayataenea, kwani rundo hupita ukingo. Lakini mvuke huyalegeza, yakanywea, na nafasi ikapatikana kwa konzi nyingine, mpaka karai zima likamezwa. Kisha moto ukapunguzwa, ikatiwa siki kidogo na sukari kiasi cha kutajwa tu. Jani hupoteza kijani chake kikali na kugeuka rangi ya zeituni, maana moto na ukali wa siki huondoa magnesi iliyokuwa ikiishikilia rangi ile. Wapo watiao magadi ili rangi isalie na jani lilainike upesi, na Bibi huwataja watu hao kwa sauti ambayo kwetu hutumika kuwataja wenye kuiba korosho. Nyumba hujaa harufu nzito ya kabichi, ambayo jirani mmoja alituhakikishia kwamba huondoka ukitumbukiza sufuriani jozi nzima yenye ganda lake. Hakuna aliyekwenda kuitafuta.

Nikauliza swali lililonivusha bahari: kwa nini muda wote huu? Bibi alishangaa kuulizwa. Kwanza, alisema, jani hili si changa; limekomaa, limesimama katika baridi, na ukilikaanga kwa dakika kumi utalitafuna mpaka kesho. Pili, watu walikuwa shambani. Sufuria iliyotiwa moto mdogo alfajiri haikuhitaji mwangalizi, na mtu aliporudi jioni bila ya nguvu za kupika alikuta chakula kimejipika. Nilipokuwa nasikiliza nilikumbuka kisamvu cha kwetu, kinavyotwangwa, kinavyochemshwa hata kikasahauliwa, kinavyoingizwa tui la nazi mwishoni, na papa mmoja mkavu aliyegawiwa nyumba nzima akiwa ndani yake. Kisamvu kina sumu ya kuondolewa, na jani la Bibi halina, lakini kwa hakika sikuwa mtu wa kustaajabia majani yapikwayo saa tatu.

Usiku ule wakaenda kanisani kukesha. Desturi hiyo ya kuamkia Mwaka Mpya ina mizizi mizito katika nchi ile, kwani zama za utumwa tarehe mosi Januari ndiyo iliyokuwa siku ya kukodisha watumwa na ya kulipana madeni, na wengi walitenganishwa na watoto wao siku hiyo. Ndipo tarehe hiyo hiyo ya mwaka 1863 tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi likaanza kutumika. Visiwa hivi vilikuwa tayari mikononi mwa jeshi la Muungano tangu Novemba 1861, mabwana wamekimbia, skuli ya Penn imekwisha kufunguliwa mwaka 1862 hapo hapo St. Helena kuwafundisha watu walioachwa nyuma, na tangazo lilisomwa hadharani katika kambi ya Camp Saxton, karibu na Beaufort, chini ya mialoni, mbele ya wanajeshi weusi na umati wa wakazi, na ng'ombe wakachomwa kwa karamu. Mialoni ya namna hiyo bado iko, na mimea ya kijivu inaning'inia matawini mwake. Niliizuru asubuhi ya Mwaka Mpya, nikarudi nikiwa na njaa.

Mlangoni nilipokewa na mjukuu wa Bibi, msichana wa skuli, aliyeniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, Habari gani? Nikajibu njema, kama atakavyojibu kila Mswahili, naye akanisahihisha kwa upole kwamba jibu la siku hiyo ni Imani, kwa kuwa ilikuwa siku ya saba ya Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga huko California mwaka 1966, ambayo kila siku yake ina msingi wake na jibu lake. Sikubishana. Mwenye nyumba hawezi kusahihishwa na mgeni, hata kwa lugha ya mgeni.

Mezani palikuwa na wali wa kunde, ambazo huko huliwa siku hiyo kwa kutumaini baraka, kama majani yanavyoliwa kwa kutumaini fedha. Mkate wa mahindi uliookwa katika kikaango cha chuma cha kusubu mpaka ukoko wake ukalia. Chupa ya siki iliyolowekwa pilipili. Na sufuria mbili. Ladha ya ile iliyokuwa halali yangu ilikuwa na chumvi, na moshi, na utamu wa mbali, na uchungu mdogo uliobaki kwenye jani kuikumbusha asili yake, na katika saa zile zote hakuna kilichokuwa kimepondeka. Jani lilikuwa laini na lingali jani. Nikasema mbele ya wote kwamba kama bawa la ndege laweza kufanya kazi hii, basi siri imo katika moshi, chumvi na muda, na nguruwe hana fadhila ya pekee. Bibi akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni nzuri, nami naipika kwa mapenzi. Lakini haina mafuta ya kutosha, na wewe huwezi kujua ukosacho." Dai langu likabaki bila ya shahidi. Daktari wake, aliongeza, yuko upande wangu, na amekuwa akimwambia kwa miaka aache chumvi na mafuta yale. Binti zake Atlanta hupika kwa bata mzinga siku zote, wala si kwa ajili ya dini.

Mchuzi ndio uliobakia, mweusi kidogo, wenye macho ya mafuta juu yake, nao hugawiwa katika vikombe. Una thamani ya kweli, kwani vitamini ziyeyukazo majini, ile ya C na jamii ya foleti, huliacha jani na kuingia humo, na amwagaye mchuzi humwaga sehemu njema ya mboga. Kuhusu namna ya kuunywa pamoja na mkate wa mahindi, Wamarekani waliwahi kugombana magazetini: mwanzoni mwa mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alishikilia kwamba mkate huchovywa, na Julian Harris wa gazeti la Atlanta Constitution akashikilia kwamba hufikichwa ndani ya kikombe, na mjadala ukaenea nchi nzima katikati ya dhiki ya uchumi, hata Franklin Roosevelt, wakati huo gavana wa New York, akatoa rai yake kwamba yeye hufikicha. Long hakukoma; mwaka 1935, akiwa seneta, alizungumza bungeni kwa zaidi ya saa kumi na tano ili kuzuia mswada, na sehemu ya muda huo aliitumia kuwaeleza maseneta jinsi mchuzi huu upikwavyo.

Mimi nilifikicha. Mkate uliofikichwa hunywa mchuzi sawasawa, hauanguki njiani baina ya kikombe na mdomo, wala haumlazimishi mtu mzima kuinamisha shingo. Kaka yake Bibi, ambaye katika mambo makubwa yote ya dini tuko safu moja, alichovya, na kila hoja niliyomtolea aliipokea kwa kuchovya tena.